Kushuka na Mto Dee

Basi la kutoka Dolgellau lilinishusha Llanuwchllyn mvua ikinyunya. Mto Dee, ambao Wawelisi huuita Dyfrdwy, umeshateremka kutoka mlima Dduallt na hapo unaingia Llyn Tegid, ziwa la asili kubwa kuliko yote Wales. Humo huishi gwyniad, samaki wa fedha aliyebaki tangu zama za barafu.

Maji yakishatoka ziwani, mjini Bala, yanapokelewa na kijito cha Tryweryn. Nikauacha mto mkuu nikakifuata kijito hicho juu, hadi bwawa la Llyn Celyn. Chini ya maji yale kilikuwapo kijiji cha Capel Celyn: shule, posta, kanisa na mashamba ya watu waliozungumza Kiwelisi. Liverpool ilitaka maji. Bunge la London likapitisha sheria mwaka 1957 bila kura hata moja ya kuunga mkono kutoka kwa wabunge wa Wales, na mwaka 1965 bwawa likazinduliwa. Halmashauri ya Liverpool iliomba radhi mwaka 2005, miaka 40 baadaye!

Kilichonishangaza ni kwamba hakuna bomba linalotoka bwawani kwenda Liverpool. Maji hufunguliwa kwa kipimo, yakateremka Tryweryn, yakaingia Dee, kisha yakavutwa karibu na Chester. Mto wenyewe ndio bomba.

Nikarudi kwenye Dee. Juu kidogo ya mji wa Llangollen, mhandisi Thomas Telford alijenga kizuizi chenye umbo la kiatu cha farasi ili kuchepusha sehemu ya maji kwenda kwenye mfereji wa mashua. Mbele kidogo, mfereji huo unauvuka mto kwa daraja la Pontcysyllte, lililofunguliwa 1805: matao 19, urefu wa mita 307, maji yakipita ndani ya mfereji wa chuma. Upande mmoja pana njia ya miguu yenye reli ya kushikilia. Upande wa pili hapana kitu. Abiria wa mashua akichungulia anauona Dee mita 38 chini yake. Mimi nilishikilia reli.

Ukienda, usiishie Pontcysyllte kama watalii wengi. Panda hadi Llyn Celyn, usimame kwenye kanisa dogo la ukumbusho lililo ukingoni.