Kipushi mara mbili: mbona hatukupokelewa sawasawa?

Wamama wapendwa, juma hili tunawapeleka Kipushi. Ni mji mdogo, kilometa 30 hivi kutoka Lubumbashi, mpakani kabisa na Zambia. Wengi wanaujua kwa sababu ya mgodi wake wa chini ya ardhi, uliosimama mwaka 1993 na kuanza tena kutoa zinki mwaka 2024. Sisi hatukwenda kwa ajili ya mgodi. Tulikwenda kutembelea kikundi cha wamama wenzetu, na tulikwenda mara mbili: kwanza siku ya nne, mwanzo wa mwezi, wafanyakazi wakiwa wamepokea mshahara, halafu siku ya pili, mwezi ukielekea kuisha. Barabara ile ile, soko lile lile, milango ile ile. Lakini tulipokelewa namna mbili, na tukataka kujua sababu.

Tuanze na chakula. Safari ya kwanza tulikula kwenye malewa moja karibu na soko: bukari ya moto, sombe yenye mafuta, na kipande kizuri cha tomsoni. Mama alitunawisha mikono, akatuongezea matabishi bila kuombwa. Safari ya pili, kwa mama yule yule, bukari ilikuwa imepoa, kipande kimepungua, na uso umekunjamana. Mmoja wetu akasema, “Huyu mama amebadilika roho.” Lakini tulipoketi naye, tukasikia mengine. Mwanzo wa mwezi wateja ni wengi, sufuria inaisha mapema, kwa hiyo kila sahani inatoka jikoni ikiwa ya moto. Mwisho wa mwezi watu ni wachache, wengine wanakula kwa deni, na chakula kinakaa. Tena siku ile binti anayemsaidia alikuwa mgonjwa. Mama alipika, akaosha sahani na kupokea feza, yote peke yake.

Kwenye mashini ya kusaga mahindi ilikuwa vilevile. Mara ya kwanza tulipata unga laini. Mara ya pili ulitoka na chenga. Kijana wa mashini hakubishana nasi. Alituonyesha taa ya ukutani, imefifia kama mshumaa. Umeme ukikosa nguvu, mota inalemewa na kupata moto. Akiibana isage laini, itaungua, na kesho mtaa mzima utakosa unga. Tulipoelewa hivyo, hasira ilituisha.

Jambo zito tulilikuta kwenye kituo kimoja cha afya. Safari ya kwanza tulimsindikiza mama mwenye mtoto mchanga. Mtoto alipimwa uzito, akapata chanjo ya kifua kikuu, na mama akaelezwa tarehe ya kurudi. Safari ya pili tulimkuta mama mwingine mlangoni, mtoto wa miezi 9 mgongoni. Alikuwa ametembea karibu saa mbili. Aliambiwa maneno haya tu: “Mama, urudie siku ya nne.” Hakuelezwa kwa nini. Alituambia hatarudi tena, maana pale wanaangalia sura ya mtu.

Wamama, sababu haikuwa sura yake. Chanjo ya surua, ambayo mtoto anaanza kuipata akifika miezi 9, kawaida inakuja katika kichupa cha dozi 10. Ile ya kifua kikuu mara nyingi ni dozi 20. Zote mbili ni unga unaochanganywa na maji yake maalumu. Ukishachanganywa, lazima utumiwe ndani ya saa 6, kinachobaki kinatupwa. Kwa hiyo muuguzi akiona mtoto mmoja peke yake, anahofia kumwaga dozi 9, na kumwambia mama arudi siku ambayo watoto watakuwa wengi. Pale kituoni siku hiyo ni ya nne. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani linashauri kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, kwa sababu anayerudishwa nyumbani anaweza asirudi kabisa.

Na asiporudi, hatari ni kubwa. Janga la surua lililotangazwa kuisha nchini kwetu mwezi wa 8 mwaka 2020 liliua watoto zaidi ya 7,000 wenye umri wa chini ya miaka 5.

Tuliyoyaona Kipushi yanatokea pia Katuba, Kenya na Ruashi. Siku zinatofautiana, mikono ya kazi inapungua, umeme unapanda na kushuka. Hayo si rahisi kuyasawazisha. Lakini kijana wa mashini alitueleza, tukaondoka kwa amani na chenga zetu. Yule mama wa kituoni hakuelezwa, akaondoka na uchungu, na mtoto wake bila kinga. Kueleza hakuhitaji hata franka moja.

Wenzetu wa Kipushi walimfuata nyumbani siku ile ile, wakamweleza habari ya kichupa. Siku ya nne iliyofuata walikwenda pamoja, wamama watano na watoto wao, na wote wakachanjwa.

Basi tunaomba kila kikundi kifanye mambo matatu. Kwanza, ulizeni kituo chenu siku za chanjo na mziandike mahali pa mikutano. Pili, nendeni kwa pamoja. Tatu, ukirudishwa, uliza kwa heshima: “Muganga, ni kwa sababu gani, na nirudi lini?” Tarehe hiyo iandikwe kwenye karti ya mtoto kabla hujaondoka. Nasi tunaouza sokoni na kwenye malewa, siku ambayo mambo ni magumu tumwambie mteja mapema, kabla hajaketi.

Leo jioni fungueni karti za watoto wenu. Kama kuna chanjo iliyopita tarehe, msisubiri mkutano ujao.