Pini mbili na kilo za maziwa

Mada ya leo ni pini mbili tu, ya 8 na ya 10, kwenye ile bodi ndogo iitwayo Raspberry Pi 3. Mtu anaweza kuuliza, pini mbili zina nini cha kuandikiwa? Hizi zilikuwa zinakula maziwa ya watu. Ngojeni nieleze.

Kwanza tuelewane kuhusu poti ya siriali. Ni njia ya zamani ya vifaa viwili kuzungumza. Kiwango cha RS-232 kilianza mwaka 1960, na hadi leo mizani, mita na mashine nyingi za kazi bado zinakitumia. Data hupita biti moja baada ya nyingine, kama watu kwenye foleni ya benki. Waya mmoja hutuma, nao huitwa TX. Mwingine hupokea, huitwa RX. Wa tatu ni wa ardhi. Hakuna waya wa saa, kwa hivyo pande zote mbili lazima zikubaliane mapema: kasi gani, biti ngapi kwa kila herufi, na kama kuna biti ya ukaguzi. Zisipokubaliana, kila upande utasema lake.

Sasa hadithi yenyewe. Chama kimoja cha ushirika cha wafugaji, huko nyanda za juu, kilikuwa na mizani ya kielektroniki iliyounganishwa na bodi hiyo. Mkulima analeta maziwa, mizani inapima, bodi inasoma kilo na kuziandika kwenye akaunti yake. Mwisho wa mwezi analipwa kwa hesabu hiyo. Fundi aliyefunga mtambo alikuwa ameshahama, na wakulima walikuwa wameanza kunung'unika. Bahati nzuri karani wa pale hakuwa ameacha kitabu chake cha kalamu.

Mama mmoja alinikuta mlangoni akaniambia, "Fundi, ng'ombe wangu hajapunguza maziwa. Aliyepunguza ni hii mashine yenu."

Nikaomba kitabu, nikakilinganisha na tarakilishi. Tazama:

Kitabu 9.6, tarakilishi 9.6
Kitabu 13.5, tarakilishi 3.5
Kitabu 16.0, tarakilishi 6.0
Kitabu 20.3, tarakilishi 0.3

Mwenye kilo 9.6 hakuwa na shida hata siku moja. Mwenye kilo 13.5 alikuwa akipoteza kilo 10 kila asubuhi! Unaona jinsi watu wanavyoweza kuanza kushukiana? Wengine walikuwa wakisema karani ana wapenzi wake.

Nilipopitia kurasa kadhaa, mpangilio ukajitokeza. Tarakimu 0, 3, 5, 6 na 9 zilifika salama kila mara. Tarakimu 1, 2, 4, 7 na 8 zilipotea kila mara. Waya mbovu hauchagui tarakimu namna hiyo. Hapo kuna hesabu.

Hesabu ni hii. Mizani ilikuwa ikituma biti 7 za herufi, kisha biti moja ya ukaguzi ya shufwa. Maana yake, biti ya ukaguzi hujazwa ili jumla ya moja zote iwe shufwa. Kwa ASCII, tarakimu 3 ni 0110011. Ina moja nne, tayari ni shufwa, kwa hivyo biti ya ukaguzi ni 0. Tarakimu 1 ni 0110001. Ina moja tatu, kwa hivyo biti ya ukaguzi inakuwa 1. Bodi nayo ilikuwa imepangwa kusoma biti 8 bila ukaguzi. Ikaihesabu biti ya ukaguzi kama sehemu ya herufi. Ile 3 ikabaki 3, lakini ile 1 ikawa herufi ya ajabu, na programu ilikuwa imeandikwa itupe kimya kimya herufi yoyote isiyoitambua. Hapo ndipo kilo zilipokuwa zinakwenda.

Utasema: si ubadilishe mipangilio ya programu tu? Haitoshi, na hapa ndipo pini zinapoingia.

Pini ya 8 ndiyo GPIO14, na ya 10 ndiyo GPIO15. Kwenye chipu ya bodi hii kila pini ya GPIO ina kazi nyingi za kuchagua: kuingiza, kutoa, na kazi mbadala hadi sita, kuanzia ALT0 hadi ALT5. Ukizipa pini hizi ALT0, zinaunganishwa na UART kamili iitwayo PL011. Ukizipa ALT5, zinaunganishwa na UART ndogo. Bodi ikitoka kiwandani, PL011 imepewa Bluetooth, na pini huachiwa ile ndogo. Kwa kazi nyingi ndogo inatosha. Lakini haina biti ya ukaguzi kabisa. Hata programu ikiiomba, haiwezi kuipata.

Pale kwa wafugaji hakuna aliyetumia Bluetooth. Kwa hivyo niliongeza mistari hii katika faili ya config.txt:

enable_uart=1
dtoverlay=disable-bt

Kisha katika cmdline.txt nikaondoa console=serial0,115200, maana Linux hutumia poti hiyo hiyo kutoa ujumbe wake inapowaka, na mizani haina haja ya kusimuliwa hayo. Baada ya kuwasha upya nikatoa amri:

pinctrl get 14,15
stty -F /dev/serial0 9600 cs7 parenb -parodd

Ya kwanza inakuonyesha pini zina kazi gani sasa hivi. Ukiona TXD0 na RXD0, umefika kwenye PL011. Ukiona TXD1 na RXD1, bado uko kwenye ile ndogo. Ya pili inakubaliana na mizani: kasi 9600, biti 7, ukaguzi wa shufwa. Programu nayo nikaipa mipangilio hiyo hiyo, na nikaiamuru ipige kelele na kukataa kipimo ikikuta herufi isiyoeleweka.

Onyo moja kwa wanaotaka kujaribu nyumbani: RS-232 hutumia volti za chanya na hasi, hadi 15 kila upande. Pini za Raspberry Pi zinavumilia 3.3 tu. Weka kigeuzi kama MAX3232 katikati, la sivyo utaichoma bodi. Na TX ya huku iende RX ya kule.

Tulipima mawe mpaka tarakimu zote kumi zikapita. Usijaribu mizani kwa kipimo kimoja kisha ukafunga begi, kwa sababu 9.6 ingekudanganya kwamba yote ni sawa. Akaunti za miezi iliyopita zilisahihishwa kwa kitabu cha karani, na wakulima wakalipwa tofauti yao.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kumshuku mtu aliye nyuma ya mashine, iulize kwanza pini inafanya kazi gani. Na ukiwa na kitabu cha kalamu, usikitupe bado. Haya, tuonane tena.