Saini ya Mke

Mke wangu hukopa kwa ajili ya watu: michango ya harusi, rambirambi, vitenge vya sare. Mimi hukopa kwa ajili ya saruji na mabati. Kila mmoja huliita deni la mwenzake anasa.

Madeni yalipozidi, mkopeshaji mmoja alitaka nyumba yetu ya Mikocheni iwe dhamana. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hakiruhusu kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzi. Nikamwomba saini.

“Mwalimu,” akasema, “kwanza nionyeshe deni lote.”

Tukaandika yote, yake na yangu, ukurasa mmoja. Saini hakuitoa. Tulianza kumlipa mwenye duka la jirani, maana huyo hatumi barua. Hutuamkia kila asubuhi.