Niambie Mimi

Nilizaliwa Ngamiani, Tanga, na sinema nilianza kuisikia kabla ya kuiona. Tiketi ya jumba la sinema la Majestic ilikuwa na wenyewe. Sisi wengine tulibana ukutani nje, tukasikiliza nyimbo za Kihindi na vishindo vya ngumi, na kesho yake tukaigiza picha nzima ambayo hatukuiona hata kidogo.

Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilinifundisha kupaza sauti. Mwalimu alisimama mbali ufukweni, nami nitamke maneno yangu mpaka yamfikie juu ya mawimbi. Mwaka 1994 ITV ikaanza kurusha matangazo, na vikundi vya maigizo vikapata pa kuonekana. Siku yangu ya kwanza mbele ya kamera nilisema kwa sauti ileile ya ufukweni. Mpiga picha akavua spika za masikioni, akaniambia kwa upole, “Dada, niambie mimi. Usiwaambie watu wa nyuma.” Sijapata somo la uigizaji lililozidi hilo.

Baada ya filamu ya Girlfriend ya George Tyson, mwaka 2003, kila mtu alitaka kushuti. Nami nikashika uongozaji. Filamu yangu ya kwanza tuliifanya kwa siku nane katika nyumba ya kuazima, Sinza. Maiki tuliifunga kwenye mpini wa mopu. Kabla ya kila sini nilizima friji na feni, nikamtuma kijana akawafukuze kunguru juu ya bati.

Kulikuwa na sini ya mama anayeletewa habari ya msiba. Mwigizaji wangu alikuwa mwepesi wa kulia, lakini nilimwomba asilie. Akunje kanga tu. Akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena, na maiki ikanasa mkwaruzo wa kitambaa kwenye viganja vyake. Hakuna aliyepumua mle chumbani. Naamini ndiyo kazi bora niliyowahi kufanya.

Msambazaji wa Kariakoo alinunua haki zote kwa malipo ya mara moja, kama tulivyouza wengi wakati ule. DVD ilipoingia sokoni, juu ya ukimya ule palikuwa na muziki wa kinanda. Nilikwenda kumlalamikia, akafungua mkataba, akanionyesha sahihi yangu.

Tangu hapo sijauza haki zote za filamu yoyote. Kanda tulizoshutia Sinza ninazo mpaka leo, na kanga ile inasikika.