Umekula?

Mara nyingi nilikuwa nimepita Voi nikienda Nairobi, lakini kushuka, sikuwahi. Safari hii treni kutoka Mombasa ilinishusha na begi moja. Kazi ilikuwa imekatika miezi mitatu, na sala zangu zilikuwa zimegeuka manung'uniko. Rafiki yangu aliniambia tu: "Nenda kwa nyanya yangu Sagalla, ukapumzike."

Bodaboda ilinipeleka kwenye vumbi jekundu hadi chini ya kilima.

"Shikamoo, nyanya."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Nilikuja na maneno mengi, hakuyauliza. Alinipakulia kimanga, akanionyesha mkeka. Nilipoamka alasiri, sahani ya pili ilikuwa inaningoja.

"Nyanya, nimekuja kusali."

"Eliya alipoketi chini ya mretemu akaomba afe, alihubiriwa?"

Nikanyamaza.

"Alipewa mkate na maji, akalala. Akaamshwa, akala tena. Sauti ndogo ilikuja baadaye sana." Akanyoosha kidole juu kilimani, alikopiga kambi mmishenari Joseph Wray wa shirika la CMS mwaka 1883. Mwaka uliofuata njaa kali iliikumba nchi ya Wataita. "Na yule pia alianza na njaa."

Jioni tulikaa kando ya shamba. Upande mmoja una ua wa mizinga ya nyuki iliyoning'inizwa kwenye waya. Ndovu wa Tsavo akiusukuma waya, mizinga inatikisika na nyuki wanatoka kumvamia. Upande wa pili hauna mizinga, na mahindi ya msimu uliopita yaliishia tumboni mwa ndovu.

"Usiombe kitu," nyanya alisema. "Sikiliza nyuki. Ukivuta pumzi, taja jina la Yesu. Ukiishusha, mwachie."

Nilidhani nitapata amani. Kilichopanda ni hasira, hadi mikono ikatetemeka. Nikamwambia kwa aibu. Akacheka.

"Wazee wetu walikuwa na kutasa. Katika kuomba, mtu alijaza maji ya miwa au pombe kinywani, akaipuliza nje pamoja na hasira yake. Moyo wenye kinyongo hauombi. Sisi wa kanisani hatupulizi, lakini hasira ni ile ile. Mtajie Mungu."

Nikalitaja jina la aliyenifukuza kazi, kwa sauti, mara tatu. Nyuki waliendelea kuvuma. Sikusamehe jioni ile, ila pumzi ilifika chini kabisa, mahali ambapo haikuwa imefika kwa wiki nyingi.

Alfajiri nilimkuta nyanya akichimba mashimo ya mahindi kuwahi mvua za vuli, upande ule ule usio na mizinga.

"Na ndovu wakirudi?"

"Watakuta nimepanda," alisema, akanipa jembe.

Jua lilipokuwa kali nilihesabu mashimo yangu: arobaini na mawili. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza niliyoimaliza baada ya miezi mitatu. Nyanya aliyakagua, akarekebisha mawili, kisha akaniuliza kama nimekula.