Swali Nililolizima

Nimefundisha miaka mingi, na kwa miaka ya mwisho nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Waliopita mikononi mwangu wakinikuta njiani hunishukuru. Lakini yupo mmoja ambaye mimi ndiye ninayepaswa kumwomba radhi.

Ilikuwa mwaka 1984, somo la sayansi. Nilikuwa nimeandika ubaoni kwamba ukinzani wa waya hupungua waya unapokuwa mnene, nikaufananisha waya na bomba la maji. Mwanachuo mmoja, kijana mpole aliyekaa nyuma, akanyosha mkono. "Mwalimu, umeme ukienda na kurudi kwa kasi sana, bado hupita waya mzima, katikati na pembeni sawasawa?"

Sikujua jibu. Badala ya kukiri, nikasema, "Wewe umewahi kuona maji yakichagua upande wa bomba? Usituvurugie somo." Darasa likaangua kicheko. Kijana akakaa, na hadi alipohitimu hakuuliza tena swali katika somo langu.

Nilipokwisha kustaafu, redio yangu ya zamani iliharibika. Fundi akaifungua mbele yangu, akanionyesha koili iliyozungushwa kwenye kijiti cheusi. Akakwangua ncha ya waya wake. Kumbe haukuwa waya mmoja! Zilikuwa nyuzi kadhaa za shaba, nyembamba kama unywele, zimesokotwa pamoja, na kila moja imepakwa vanishi yake.

"Kwa nini wasingeweka waya mmoja mnene?" nikamuuliza.

"Mzee, kwenye masafa ya redio umeme hauingii ndani. Hukimbilia kwenye ngozi ya waya. Ndani kunabaki shaba ya bure."

Nilirudi nyumbani nimeinamisha kichwa, nikatafuta vitabu. Nikakuta kwamba Mwingereza Horace Lamb alikwisha kulieleza jambo hilo mwaka 1883 kwa vitu vyenye umbo la tufe, na Oliver Heaviside akalipanua mwaka 1885. Yaani lilijulikana miaka 100 kabla ya kicheko kile cha darasani.

Maelezo yake si magumu, ndugu msomaji. Mkondo wa betri, usiogeuka, hujitandaza sawasawa katika waya mzima. Lakini mkondo geu huzaa nguvu ya sumaku inayobadilika, na nguvu hiyo, ikiwa ndani ya waya wenyewe, huzaa umeme wa kuupinga mkondo. Upinzani huo ni mkubwa zaidi katikati, kwa hiyo mkondo husukumwa pembeni. Kadiri mageuko yanavyoongezeka kwa sekunde, ndivyo tabaka linalotumika linavyokuwa jembamba, na ukinzani ukapanda. Umeme wa majumbani mwetu hurudia mageuko yake mara 50 kwa sekunde, na katika shaba kina cha tabaka hilo ni kama milimita 9. Kwa mara 1,000,000, kiwango cha masafa ya kati ya redio, kina hushuka hadi milimita 0.066 hivi. Ndiyo sababu ya kusokota nyuzi nyembamba: kila uzi hupata zamu ya kuwa nje na zamu ya kuwa ndani, na shaba yote ikafanya kazi.

Ningeweza kujitetea. Waya wa soketi hauna hata milimita 2 za upana, na kwa umeme wa nyumbani mkondo huupita wote, karibu sawasawa. Kwa waya ule nilikuwa sahihi. Lakini kijana hakuuliza habari za soketi. Alisema wazi, "kwa kasi sana." Alikuwa amefika mahali ambapo mwalimu wake hajafika.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi niliifundisha methali hiyo kwa mdomo, nikaikana kwa vitendo. Nilihitaji maneno machache tu: "Sijui, nitakwenda kutazama." Heshima yangu isingepungua kitu.

Linalonisumbua si fedheha yangu. Kijana yule alikuwa akisomea ualimu. Kama alijifunza kwangu kwamba swali gumu huzimwa kwa kicheko, basi huenda naye amewazima wengine, darasa baada ya darasa, katika shule nisizozijua. Nawaomba walimu mnaosoma ukurasa huu: mwanafunzi akiwauliza msilolijua, msimcheke. Liandikeni swali lake pembeni ya ubao, na lisifutwe mpaka lijibiwe.