Nondo ya Futi Moja

Mama mwenye nyumba alinipigia simu kabla hakujapambazuka. "Mura, njoo. Ng'ombe amelala, haamki."

Nilifika Nyakunguru kwa bodaboda, mvua ya usiku ikiwa bado inadondoka kwenye mabati. Ng'ombe alikuwa amelala ubavu kwenye tope la banda, pua imegusa bati la ukuta. Mzee wa mji alikuwa amewazuia watoto kwa fimbo yake, wasisogee. Niligusisha bisibisi ya testa kwenye bati. Kitaa chake kikawaka. Nikakimbilia meini swichi.

Nyumba ile niliifunga umeme mimi. Nguzo za REA, Wakala wa Nishati Vijijini, zilipofika kwetu na kuunganishiwa kukawa shilingi 27,000, kila mtu alitaka taa kabla ya jirani yake. Nilikuwa kibarua wa mkandarasi mmoja, na fundi aliyenitangulia alinifundisha njia ya mkato. Ardhi ya kwetu ina mawe. Ukipigilia ethi rodi, futi mbili tu inagota. Basi tulikata nondo ya futi moja, tukaipigilia, tukafukia, tukaacha waya wa kijani na njano ukionekana. Mkaguzi akitazama, ethi ipo.

Waya wa taa ya banda ulivutwa baadaye, ukapitishwa juu ya ncha ya bati. Upepo uliusugua hadi shaba ikatoka nje. Dalili zilikuwepo. Mama alikuwa amelalamika kwamba uniti za LUKU zinaisha upesi, na kwamba akianika nguo, waya wa kuanikia uliofungwa kwenye banda unamtekenya vidole. Nilimjibu kwa simu kwamba ni unyevu.

Ng'ombe hupigwa shoti upesi kuliko sisi. Miguu yake ya mbele na ya nyuma imeachana sana, kwato zimelowa, umeme unapita kifuani. Bati lile halikuunganishwa na ethi yoyote. Lakini hata lingeunganishwa na nondo yangu, ng'ombe asingepona, na hilo ndilo lililoninyima usingizi. Piga hesabu: umeme wetu ni volti 230. Nondo fupi kwenye mawe inaweza kuwa na ukinzani wa omu 200 au zaidi. Umeme unaopita ni ampia moja na kidogo. Sakiti breka ya ampia 10 inaiona kama feni na taa kadhaa, haikatiki. Na binadamu huweza kufa kwa sehemu ndogo tu ya ampia hiyo moja.

Ng'ombe nilimlipa kwa awamu. Ila kazi nilianza kujifunza upya, wakati huo nikiwa tayari naitwa fundi.

Sasa napigilia rodi nzima. Mwamba ukinizuia, nahamia penye unyevunyevu, karibu na mahali maji ya bafu yanapomwagika, na mara nyingi naweka rodi mbili zilizoachana, zimeunganishwa kwa waya mmoja. Kuzungushia rodi chumvi na mkaa nimeacha: mvua huondoa chumvi, nayo ikibaki inakula shaba. Napima kwa mashine ya kupimia ethi, tena kiangazi, kwa sababu masika hata nondo yangu ya futi moja ingeonekana bora kuliko ilivyo.

Jengo la nje, liwe banda, jiko au chumba cha mashine ya kusaga, naliwekea rodi yake. Mabati, nguzo za chuma na bomba la maji navishikanisha kwa waya wa kijani na njano, ili mtu akishika bati huku na bomba huku, asiwe yeye njia ya umeme. Kisha naweka RCD ya miliampia 30. Hii haingoji ampia 10. Ikiona umeme unaorudi umepungua kuliko uliotoka, inakata mara moja.

Wateja hulalamika bei yake. Siwabishii, nawaeleza bei ya ng'ombe.

Wewe uliyekwisha kuweka RCD, juu yake kuna kitufe chenye herufi T. Kibonyeze kila mwezi. Isipokata, usikubali fundi akujibu kwa simu. Mwite aje.